Alichomeza Kamanda

Kamanda alitapika mbele ya wageni. Wanawake wa kanisa walikuwa wameketi uani kwa Kemuma, wameshakula, wanangoja chai, mbwa huyo alipojikokota kutoka nyuma ya jiko, akainamisha kichwa karibu na miguu yao na kutoa povu la manjano lililochanganyika na wali. Kila mtu aliuona wali ule. Ulikuwa umepikwa na Celestine, mke wa Nyakundi, mwana wa Kemuma, na mbwa alikuwa ametupiwa makombo yake muda mfupi tu uliopita.

"Huyu amekula nini?" aliuliza Gladys, jirani wa ng'ambo ya shamba la chai.

Kemuma alimtazama mbwa wake, akazitazama sahani zilizokuwa bado chini, kisha akaweka kiganja juu ya tumbo lake mwenyewe. "Hata mimi," alisema taratibu, "tangu juzi tumbo langu haliko sawa."

Kemuma hakuwa mtu wa maneno mengi, na kwa sababu hiyo watu wa Nyacheki waliyatilia maanani machache aliyoyasema. Celestine alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, birika mkononi. Alipita akiwamiminia chai mmoja mmoja, nao wakapokea vikombe kwa mikono miwili, wakashukuru, wakaviweka chini. Wakaomba, wakaaga. Alipokuja kuondoa vyombo alikuta vikombe vimejaa vile vile, utandu wa maziwa umeganda juu, isipokuwa kikombe cha Gladys. Hicho kilikuwa kitupu, na nyasi za kando ya stuli yake zilikuwa zimelowa.

Kesho yake Kamanda hakula. Alilala chini ya ghala la mahindi amekunja mgongo, na kila alipokunywa maji aliyarudisha. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya udongo mwekundu, mwenye sauti iliyowatisha wezi wa ndizi, na tangu mume wa Kemuma azikwe, ndiye aliyekuwa akilala mlangoni pa mjane huyo. Celestine hakuwahi kumpenda. Mbwa huyo alikuwa amemrarulia leso mpya na kumlia kuku wa mayai. Lakini Celestine hakumtakia mabaya. Alikuwa mbwa wa mama mkwe, basi.

Kemuma alimwita Thadeus, mwenye duka la dawa za mifugo pale sokoni. Thadeus alikuja na mfuko wake, akamfunua mbwa midomo, akamtazama macho, akamdunga sindano pajani. Tumbo hakuligusa. Kisha aliinuka, akajipangusa magoti na kuuliza kama hapo nyumbani kuna sumu ya panya.

"Ipo," Celestine alijibu bila kuficha. "Niliinunua wakati wa mavuno. Haijafunguliwa."

"Inaonekana ni sumu," Thadeus alisema, na aliyeambiwa ni Kemuma.

Walimnywesha mbwa maziwa. Wakamnywesha mayai mabichi, wakamnywesha makaa yaliyotwangwa na kukorogwa kwa maji. Vyote vilirudi. Celestine aliingia ghalani peke yake, akaitoa ile pakiti ya sumu juu ya boriti, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa imefungwa kama ilivyotoka dukani. Alijua kwamba angeikuta hivyo. Alipotoka alimkuta Kemuma amesimama uani, anamtazama.

*

Jioni hiyo Nyakundi alirudi nyumbani. Alikuwa fundi wa ujenzi mjini Kisii, na kila Ijumaa alijitahidi kufika kabla jua halijatua ili Sabato isimkute njiani. Celestine alikuwa amempikia ugali wa wimbi na chinsaga, mboga aliyoipenda kuliko zote. Nyakundi alinawa, akaketi, akautazama mlo, halafu akasema ameshiba, wamekula kazini.

Celestine alikifunika chakula. Baadaye alikwenda kumwaga maji nyuma ya nyumba, akamkuta mumewe kati ya migomba akimenya ndizi mbivu na kula haraka haraka akiwa amesimama. Nyakundi alimeza kilichokuwa mdomoni, akasema ndizi zile zingeharibika.

"Mama amekwambia nini?" Celestine aliuliza.

"Hajaniambia kitu."

"Wewe unadhani naweza kukutilia sumu?"

"Sijasema hivyo."

"Basi njoo ndani ule."

Nyakundi alilitazama ganda la ndizi mkononi mwake kama mtu aliyeulizwa swali gumu shuleni. Hakwenda. Jumapili aliondoka kurudi kazini, na chakula alichopikiwa siku zile kiliishia kwa ng'ombe.

Kwenye kituo cha kununulia majani chai, wanawake wenye vikapu mgongoni walimpisha Celestine kwenye foleni kwa adabu iliyopita kiasi. Zamani wangemtania kwamba anachuma majani makuukuu. Sasa hakuna aliyemtania. Mmoja alimuuliza hali ya mbwa, na wengine wakanyamaza ili wasikie jibu.

Kilichomshinda hakikuwa hicho. Jumatatu asubuhi alimwekea uji binti yake, Kwamboka, aliyekuwa amevaa sare tayari kwenda shule. Mtoto alikisukuma kikombe mbali kidogo kwa kidole kimoja.

"Kunywa, utachelewa."

"Magokoro amesema nisile kwako mpaka mbwa apone," Kwamboka alisema. Magokoro ndivyo alivyomwita bibi yake. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtoto aliyeambiwa asipite karibu na kisima.

Celestine alikichukua kikombe akanywa uji wote mbele yake, mpaka tone la mwisho, ukimchoma koo. Kwamboka alimkodolea macho muda wote akisubiri kuona kitakachotokea. Kisha alichukua mkoba wake, akaenda shuleni na njaa.

Mchana Celestine alimpigia mumewe simu, akamwambia anataka kumpeleka mbwa kwa daktari wa mifugo mjini. Nyakundi alimshauri amwache. Mbwa ameshaoza ndani, alisema, atakufa leo au kesho, na akishakufa maneno yatapoa yenyewe.

"Akifa na kilicho tumboni mwake," Celestine alisema, "mnanizika naye."

*

Asubuhi ya Jumanne alimtandikia Kamanda gunia ndani ya kikapu chake cha kuchumia chai, akamwinua. Mbwa alikuwa amekuwa mwepesi mpaka Celestine akashtuka. Kamanda hakubweka wala kuonyesha meno. Aliuegemeza tu mdomo wake mkavu kwenye mkono wa Celestine.

Kemuma alikuwa langoni. "Unampeleka wapi?"

"Kwa daktari, mama. Kisii."

"Thadeus ameshamtibu."

"Thadeus hakumgusa hata tumbo."

Kemuma alimtazama mbwa, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile ya wageni uso wake ulilegea. Alinyoosha vidole akamgusa sikio. Celestine alidhani angesema aende naye. Lakini mama mkwe alirudisha mkono ndani ya leso yake na kusema, "Ukimtupa njiani tutajua."

Gari alilopata ni pikapu ya Duke, kijana aliyekuwa akipeleka ndizi mjini kupitia Nyamache. Kiti cha mbele kilikuwa wazi. Duke alichungulia ndani ya kikapu, akauliza kama huyo ndiye yule mbwa wa sumu, kisha akamwambia Celestine apande nyuma. Alisafiri ameketi juu ya mikungu ya ndizi, amekumbatia kikapu, vumbi likimwingia puani. Walipofika Nyamache watu waliokuwa wakipanga bidhaa za soko walimtazama. Hakujua kama wanamjua au wanashangaa tu kuona mwanamke mzima amembeba mbwa kama mtoto. Alijifunika kichwa na leso, akainama.

*

Daktari Janat alikuwa na chumba chake cha kutibia nyuma ya duka la chakula cha kuku. Alikuwa mwanamke mwembamba, hijabu yake ameichomeka ndani ya kola ya koti, mikono ya koti ameikunja hadi kwenye viwiko. Mzee mmoja aliyekuja kununua dawa ya kupe alimuuliza, nusu kwa mzaha, kama dini yake inamruhusu kushika mbwa. Daktari alimjibu kwamba maji na sabuni vipo, akavaa glavu.

Aliuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameyauliza. Mbwa alianza kutapika lini? Anatapika mara tu akila au baadaye? Amekwenda haja kubwa tangu siku hiyo? Celestine alijua kwamba hakwenda, kwa kuwa yeye ndiye anayefagia ua. Daktari alimvuta Kamanda ngozi ya mgongoni, nayo ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Akambonyeza fizi. Kisha aliweka mikono pande mbili za tumbo, vidole vimetanuka, akawa anapapasa polepole, macho ameyaelekeza ukutani. Mbwa aliguna. Vidole vikasimama.

"Lete mkono wako," alisema.

Celestine alipeleka mkono. Chini ya ngozi, nyuma kidogo ya mbavu, palikuwa na kitu kigumu, kirefu kiasi cha kidole, kilichoteleza na kurudi mahali pake. Aliurudisha mkono haraka.

"Si sumu?"

"Sumu haishikiki kwa vidole. Hiki ni kitu amemeza, kimeziba utumbo. Kinachoingia hakina pa kupita, ndiyo maana kinarudi."

Alikuwa na mashine ndogo aliyoitumia kupimia mimba za ng'ombe. Alimpaka mbwa mafuta tumboni, akaipitisha, akamwonyesha Celestine kwenye kioo upinde mweupe na kivuli cheusi nyuma yake. Celestine hakuelewa picha ile, lakini aliitazama kwa muda mrefu. Daktari alimweleza kwamba njia ni moja tu, kupasua, tena sasa hivi, na kwamba mbwa ni dhaifu sana, huenda asiamke. Akauliza mbwa ni wa nani.

"Wa mama mkwe."

"Yeye amekubali?"

Ndipo Celestine alipomweleza yote, amesimama pale na mafuta ya mashine yakikauka mkononi: wali, chai iliyomwagwa kwenye nyasi, uji wa mtoto. Aliyasema bila kulia, na daktari alimsikiliza bila kumkatiza huku akimtafutia mbwa mshipa wa dripu. Alipomaliza, daktari aliomba nambari ya Kemuma, akampigia, akajitambulisha, akaeleza alichokihisi na anachotaka kufanya.

Simu ilikaa kimya mpaka daktari akaiondoa sikioni kuangalia kama imekatika. Halafu sauti ya Kemuma ilitoka, ndogo, ya mbali. "Fanyeni," alisema, akakata.

Msaidizi wa daktari alikuwa amekwenda Sironga kuchanja ng'ombe, kwa hiyo Celestine ndiye aliyeshika mfuko wa dripu na kuelekeza taa. Aliambiwa asitazame akiona kizunguzungu. Alitazama. Utumbo ulitoka wa waridi, ukafuata wa zambarau, kisha mweusi, umevimba na kunuka. Daktari alipasua mahali hapo, akaingiza koleo, akavuta. Kilitoka kipande cha gunzi la mahindi, na nyuma yake ukafuata ukanda mrefu wa kitambaa uliokuwa umefunguka na kuukunja utumbo kama kamba inavyokunja kiuno cha suruali. Daktari aliuvuta taratibu, akisimama, akiendelea. Akaviweka vyote kwenye bakuli. Akakata sehemu iliyokufa, akaunganisha iliyobaki, akaosha tumbo lote kwa maji ya dawa, akashona.

"Siku ya kwanza ingekuwa kazi nyepesi," alisema akivua glavu. "Hata ya pili."

*

Nyakundi alitoka kwenye jengo lao upande wa pili wa mji, saruji imemkauka kwenye viatu. Mkewe alikuwa amempigia na kumwambia neno moja, njoo. Alimkuta ameketi sakafuni kando ya mbwa, mkono wake juu ya mbavu zilizokuwa zikipanda na kushuka. Daktari alikuwa amekisafisha kile kitu. Alimpa Nyakundi bakuli, akamweleza kwa ufupi, bila ukali, kwamba mkewe hakumlisha mbwa huyu sumu wala kitu kingine kibaya.

Nyakundi aliinua ukanda wa kitambaa kwa vidole viwili. Ulikuwa wa buluu, wenye vimaua vyeupe vilivyofifia. Alikaa nao hivyo mpaka Celestine akamwinulia macho.

"Ni kizibo," alisema mwishowe. "Cha kibuyu cha mama. Kitambaa ni cha kilemba chake cha zamani."

Celestine alikijua kibuyu hicho, kama kila mtu wa nyumba ile. Kemuma aligandisha humo maziwa yake, alikiosha mwenyewe, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Kizibo chake, gunzi lililozongwa kitambaa, kilikuwa kimenyonya maziwa ya miaka na mikaka. Mbwa yeyote angekitamani.

Jioni ilipokaribia Kamanda alifungua macho. Aliinua kichwa, akanusa hewa, akakilaza juu ya goti la Celestine. Daktari alisema ni dalili nzuri, ila tusubiri. Walisubiri. Pumzi zilianza kuwa fupi, daktari akamdunga sindano, akamkandamiza kifua kwa viganja, akaendelea hata baada ya Nyakundi kugeuka ukutani. Kisha akaacha. Alisema sumu ya utumbo uliooza ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Alisema pole.

Celestine, ambaye hakuwa amelia kwa chai wala kwa uji, alimlilia mbwa asiyempenda. Alilia kwa sauti ndogo ya kukwama, amemshika masikio, na Nyakundi alisimama karibu asijue pa kuweka mikono yake. Daktari alikataa kulipwa kazi yote. Alichukua gharama ya dawa tu. Alikitia kizibo kwenye kopo la plastiki, akampa Celestine.

Njiani kurudi, wamekodi gari la mtu aliyefahamiana na Nyakundi, mbwa ndani ya gunia, Nyakundi alisema kwa sauti ya chini ili dereva asisikie. Alisema wamzike Kamanda, waseme tu alikufa kwenye matibabu. Mama ni mzee. Aibu hiyo itamuua.

"Na mimi?" Celestine aliuliza.

"Mimi nimeshajua ukweli. Si inatosha?"

Celestine aliangalia chai iliyokuwa ikipita nje ya dirisha, kilima baada ya kilima.

*

Kemuma alikuwa kwenye stuli mlangoni pake, palipokuwa pakilala mbwa. Kwamboka alikuwa ameegemea magoti yake. Nyakundi alilishusha gunia, akachukua jembe, akaenda kwenye migomba. Kemuma alilitazama gunia, akaupangusa uso wake kwa ncha ya leso, mara moja, mara ya pili.

Celestine alilifungua kopo akaliweka chini mbele yake. "Mama, daktari alimtoa hiki."

Kemuma hakuinama kutazama. Alikuwa akitazama mbele, kwenye ua. Na kwa kuwa hakuinama, Celestine alielewa.

"Ulijua."

Sauti ya jembe ilisikika kutoka migombani. Kemuma alimwambia Kwamboka aende akamsaidie baba yake, akangoja mtoto afike mbali.

"Alhamisi asubuhi nilikiosha kibuyu," alisema. "Nikakianika, na kizibo nikakiweka kwenye nyasi. Wageni wakaja. Jumamosi nilipotoka kanisani nikataka kutia maziwa, kizibo hakipo. Nikatafuta. Nikamtazama mbwa. Nikajua."

"Jumamosi angepona, mama."

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza. Ukamwambia na mtoto asile kwangu, na unajua."

"Nilikuwa nimeshasema," Kemuma alisema, na sasa sauti ilimkatika. "Mbele ya watu wa kanisa. Ningerudi wapi? Nikasema labda atakitapika. Labda atakitoa mwenyewe, yaishe. Kila nikilala nasema kesho."

Nyakundi alikuwa amerudi, udongo mikononi, amesimama kando. "Celestine, imetosha," alisema. "Amekiri. Ni mama."

"Amekiri kwetu." Celestine hakugeuka. "Mama, kesho asubuhi utakwenda nami. Neno ulilolipeleka kwa watu, utawaambia mwenyewe kwamba halikuwa kweli."

"Mimi sikuzunguka na maneno, Mama Kwamboka. Waulize. Sikumtaja mtu."

"Hukuzunguka. Ulishika tumbo tu."

Kemuma alifumba macho.

Usiku ule Nyakundi alikula chakula cha mkewe. Alikula sana, akaomba aongezwe, akasifu mboga. Celestine alimpakulia, akamtazama akila, na hakuona raha aliyodhani angeiona. Kwamboka alimtazama baba yake kwanza, kisha akaanza kula.

*

Walitoka umande ukiwa bado kwenye majani ya chai. Kemuma alikuwa amevaa gauni la kanisani ingawa ilikuwa katikati ya wiki, fimbo mkononi. Celestine alitembea nyuma yake hatua chache, kopo ndani ya mfuko.

Gladys aliwapokea kwa furaha nyingi. Aliwatolea stuli, akaomba wasiondoke kabla ya chai. Kemuma alisema akiwa amesimama: mbwa aliuawa na kizibo cha kibuyu chake mwenyewe, alichokisahau kwenye nyasi, na mke wa mwanawe hana kosa. Gladys alishika kifua. Alisema jamani, sisi hatukuamini hata siku moja, si unajua maneno ya watu, Mama Kwamboka? Celestine alimtazama usoni mpaka Gladys akakumbuka kwamba ana maji jikoni.

Dukani kwa Thadeus kulikuwa na wateja. Kemuma alirudia yale yale mbele yao. Thadeus alisema yeye hakusema ni sumu, alisema inaonekana, na mtu wa tiba anasema anachokiona. Akaongeza kwamba hata hivyo mbwa anaweza kumeza gunzi na bado akawa amekula sumu, moja halizuii jingine. Wateja walitazamana. Celestine alilitoa kopo, akaeleza daktari alivyokuta utumbo, palipokufa na palipokuwa pazima. Walisikiliza. Mmoja wao alitikisa kichwa, na haikujulikana anakubali au anasikitika.

Mahali pa tatu palikuwa kwa kina Makori, ambako mke wa Makori, msichana aliyeolewa mwaka jana tu, alikuwa akianika nguo huku mtoto wake akijifunza kutembea kwa kushika ukuta. Alimsikiliza Kemuma hadi mwisho kwa heshima, akasema amesikia, asante kuwaambia. Mtoto aliuachia ukuta. Alipiga hatua kuelekea kwa Celestine, mikono juu, anacheka, na Celestine akachutama kumpokea. Mama yake alifika kwanza. Alimnyakua, akamweka kiunoni upande wa pili, akasema mtoto huyu ana uchafu atawachafua nguo.

Walitoka. Walipofika kwenye ukingo wa barabara, Kemuma aliketi juu ya nyasi zenye maji. Alikuwa ameona. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

"Nimemwambia," alisema. "Umesikia nikimwambia."

"Nimesikia, mama."

"Nimemwambia, na bado amemwondoa mtoto."

Celestine alibaki amesimama. Chini bondeni wachumaji walikuwa wameshaanza kazi, mikono yao ikienda na kurudi juu ya chai, na wawili watatu walikuwa wameinua vichwa kuwatazama.

"Sitayamaliza haya," Kemuma alisema. "Hata nikienda mpaka Nyamache."

"Najua."

"Basi tunakwenda wapi?"

"Kwa mzee wa kanisa, Okemwa. Halafu kituo cha majani chai. Wote watakuwepo leo."

Kemuma alizungusha fimbo yake kwenye udongo kwa muda. Kisha akanyoosha mkono juu ili ainuliwe. Celestine aliutazama mkono ule kitambo kidogo kabla ya kuushika.